Kuchuma chai au kuchuna chai? Historia ya kutafuta neno katika maandishi

Kuna ubishi mdogo usioisha pale Kapsoit, kwenye barabara ya kutoka Kericho kwenda Kisumu. Majani chai huchumwa au huchunwa? Wapo wanaosema "naenda kuchuma chai" na wapo wanaosema "naenda kuchuna chai", na wote hubeba kikapu cha aina moja na kupimiwa kilo kwenye mzani mmoja. Mwalimu akikuta "kuchuna" katika insha, kalamu nyekundu haikawii. Kwake yeye kuchuna ni kumtoa mnyama ngozi, basi. Mtoto anarudi nyumbani kumwarifu mamake, aliyeanza kuchuna chai kabla mtoto mwenyewe hajazaliwa, kwamba kazi inayowalisha ameipa jina lisilo sahihi.

Nani mwenye haki hapo? Wengi wetu tuliosomea lugha tungekimbilia kamusi. Lakini kamusi yenyewe ilitolewa wapi, kama si katika matumizi ya watu? Swali la namna hii halimalizwi kwa kupaaza sauti. Linamalizwa kwa kuyatazama maandishi mengi, ya miaka mingi, na kuhesabu nani aliandika nini, wapi na lini. Leo, msomaji mpenzi, nataka tupitie historia ya chombo kinachotuwezesha kuhesabu hivyo. Wengi tunacho kwenye kompyuta, au tarakilishi ukipenda, na hatujawahi kukifungua.

Tamaa ya kulitafuta neno popote lilipo ni kongwe kuliko umeme. Katika karne ya 8, al-Khalil ibn Ahmad al-Farahidi, aliyezaliwa Oman na kufanya kazi yake Basra, alipanga Kitab al-Ayn, kamusi ya kwanza kubwa ya Kiarabu, kwa kufuata mizizi ya konsonanti. Alichukua herufi tatu, akazigeuza kwa kila mpangilio unaowezekana, yaani sita, kisha akauliza ni mipangilio ipi Waarabu wanaitumia na ipi wameiacha. Tazama alichofanya. Hakuanza na orodha ya maneno aliyoyasikia. Alianza na umbo, kisha akatafuta maneno yanayolijaza umbo hilo. Karne tano baadaye mjini Paris, Hugh wa Saint-Cher aliliongoza kundi kubwa la watawa wa Kidominika kutengeneza faharasa ya maneno ya Biblia ya Kilatini, ili mhubiri anayekumbuka neno moja tu aweze kuufikia mstari. Hao walitumia macho, wino na subira.

Kiswahili nacho kilipitia mikono ya watu wa kadi na wino. Kamusi ya Krapf ilitoka mwaka 1882, na katika jina lake lugha yetu imeandikwa "Suahili". Steere, miaka 12 kabla yake, alikuwa ameandika "Swahili". Kila mmisionari alikuwa na tahajia yake, na kila mji lahaja yake. Baada ya mkutano wa Dar es Salaam wa mwaka 1925, na ule wa Mombasa wa mwaka 1928 ulioichagua Kiunguja kuwa msingi, Kamati ya Lugha ya nchi nne iliundwa mwaka 1930, Frederick Johnson akiwa katibu wake wa kwanza. Kamusi iliyobeba jina lake ilitoka mwaka 1939, yeye mwenyewe akiwa ameshafariki. Usanifishaji umelaumiwa kwa mengi, na mengine kwa haki. Ila faida moja haitajwi sana: uliyafanya maandishi yatafutike. Neno lenye tahajia tano lina maficho matano.

Ukiifungua kamusi ya Johnson utaona tatizo la pili, ambalo ndilo kiini cha makala haya. Maneno mengi yaliyonyambuliwa amewekwa chini ya kitenzi chake, hata mpishi umtafute kwa "pika". Kwa mjuzi wa sarufi, mpango huo ni mzuri. Kwa mwanafunzi ni mateso, kwani ili alipate neno ni lazima kwanza ajue limetoka wapi. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981 iliegemea zaidi upande wa mwanafunzi. Lakini hakuna kamusi, iwe ya namna gani, inayoweza kuyaorodhesha "tulilichuma", "hawajachuma" na "atakayewachumia" kila moja mahali pake. Kiswahili huvisha kitenzi mbele na nyuma.

Sasa tuvuke bahari, maana hadithi inaingia njia ambayo mtu wa lugha asingeitarajia.

Mwaka 1943 Warren McCulloch, mtaalamu wa ubongo, na Walter Pitts, kijana wa mantiki, walichapisha makala iliyoieleza seli ya neva kana kwamba ni swichi: inawaka au haiwaki. Mwaka 1951 mwanahisabati Stephen Kleene, wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, alikuwa katika taasisi ya RAND huko California, na huko akashughulika na swali hili: mtandao wa swichi kama hizo unaweza kuitambua mifululizo ya aina gani? Alithibitisha kwamba inatosha kuwa na matendo matatu. La kwanza ni kufuatanisha, kitu hiki kisha kile. La pili ni kuchagua, hiki au kile. La tatu ni kurudia, hiki mara nyingi upendavyo, hata mara sufuri. Kwa kurudia aliweka alama ya nyota, na mpaka leo inaitwa nyota ya Kleene. Kazi hiyo ilichapishwa mwaka 1956, na ndani yake hakuna kamusi wala kitenzi hata kimoja.

Aliyeiteremsha nadharia hiyo hadi kwenye maandishi ni Ken Thompson, wa maabara ya Bell huko Marekani. Mwaka 1968 alichapisha makala fupi iliyoonyesha jinsi ya kuigeuza ruwaza ya Kleene kuwa programu inayopita juu ya matini herufi kwa herufi. Aliitia katika programu zake za kuhariri, na ile iliyokuja na mfumo wa Unix iliitwa ed.

Hapa ndipo mtu wa fasihi anapoingia. Katika maabara hiyohiyo alikuwako Lee McMahon, aliyetaka kuchunguza insha 85 za kisiasa zilizoandikwa Marekani mwaka 1787 na 1788 chini ya jina moja la bandia. Waandishi walikuwa watatu, Hamilton, Madison na Jay, na kwa baadhi ya insha haikujulikana kwa yakini nani aliandika ipi. Swali ni lilelile tunalojiuliza juu ya tungo zinazonasibishwa na Fumo Liyongo. McMahon alihitaji kupekua maandishi yote kwa pamoja, lakini kompyuta ya siku zile ilikuwa na kumbukumbu ndogo mno na ed haikuweza kuyabeba. Brian Kernighan, aliyekuwapo, anasimulia kwamba Thompson alikichomoa kile kipande cha kutafuta, akakifanya programu ya peke yake, na kazi ikaisha kwa usiku mmoja. Programu hiyo inaitwa grep, na imekuwamo ndani ya Unix tangu mwaka 1973. Jina lenyewe ni amri ya ed iliyofupishwa: g ya kupita faili zima, re ya ruwaza, p ya kuuchapisha mstari. Chombo ambacho leo kinatumiwa na kila mhandisi wa programu kilizaliwa kwa haja ya kujua nani aliandika nini.

Ruwaza hasa ni nini? Mkulima wa Kapsoit hahitaji maelezo marefu. Mchumaji chai haambiwi "chuma jani lile pale". Anaambiwa: majani mawili na kichipukizi kimoja. Huo ni mfano wa umbo, na jicho lake linapita juu ya meza ya michai likitafuta kila panapofanana nao. (Mashine za kuchuma, zilizozua ugomvi mkubwa katika mashamba ya Kericho, hukata kwa kimo. Zinapita na kila kilichochomoza.)

Katika kompyuta mfano wa umbo unaandikwa kwa herufi na alama. Ukiandika chu[mn]a, mabano ya mraba yanasema: hapa kubali m au n. Basi kwa utafutaji mmoja unapata chuma na chuna. Ukiandika S[uw]ahili unawapata Krapf na Steere pamoja. Ukiandika n[dj]oo unampata mtu wa Unguja anayekuita "njoo" na wa Mombasa anayekuita "ndoo", ingawa utaokota na ndoo za maji pia.

Programu za kuchapia tulizo nazo nyumbani na ofisini zinafanya hivi, ila hazifanani. Katika Word ya Microsoft, chini ya dirisha la kutafuta na kubadilisha, mna kisanduku cha kuruhusu alama wakilishi. Humo nyota si ile ya Kleene. Ina maana ya "chochote kile", kama ilivyokuwa katika kompyuta za zamani za MS-DOS tulipotafuta mafaili, na ina tabia ya kuruka nafasi na kumeza maneno kadhaa kwa mpigo. Tena humo hamna alama ya "hiki au kile". LibreOffice, ambayo hailipiwi, imefuata njia ya Kleene na Thompson, na mstari wa wima | ndio "au" yake. Kwa kitenzi cha Kiswahili, hiyo "au" ni nusu ya kazi. Ndiyo maana wanafunzi wangu nawaelekeza huko.

Tufanye basi kazi ya Kapsoit. Tuseme una faili lenye habari za magazeti za miaka kadhaa, na unataka kila mahali panapozungumzia kuchuma au kuchuna. Mwanafunzi mwenye haraka ataandika chum na kubonyeza. Atapata chumba, chumvi, mchumba, uchumi na vyuma vya reli katika umoja wake. Akiandika chun ataletewa chungwa, chungu na kichuna cha kila namna. Dawa yake ni kuieleza kompyuta jinsi kitenzi chetu kinavyojengwa:

\b(ni|u|a|tu|m|wa)(na|li|ta|me|ki)\w*chu[mn]\w+

Usiogope, ni sarufi tu. Ile \b ya mwanzo ni mpaka wa neno. Mabano ya kwanza ni viambishi vya nafsi, sita. Ya pili ni vya wakati na hali, vitano. Alama \w* ni herufi zozote, hata kusiwe na herufi, na hapo ndipo kiambishi cha mtendwa hukaa. Kisha mzizi, kisha herufi moja au zaidi za kumalizia. Nafsi sita mara nyakati tano ni maumbo 30, na bado hatujagusa ukanushi, urejeshi wala ngeli nyingine. Mwingereza kwa kitenzi chake cha kuchuma ana maumbo manne tu. Ndiyo sababu utafutaji wa kawaida unamtosha yeye na haututoshi sisi.

Ruwaza hiyo itakuletea "anachuma", "tulichuna", "waliyachuma". Itakuletea pia wageni wawili ambao hukuwaalika. Wa kwanza ni "wanauchumi". Kwa kompyuta, neno hilo ni wa-na-u-chum-i, limejipanga sawasawa kama kitenzi, na katika habari za bei ya chai wanauchumi hawakosekani. Ajabu ni kwamba mwanauchumi mmoja anapita salama, kwa kuwa "mwa" haikubaliani na viambishi vyetu. Wakiwa wawili wananaswa. Mgeni wa pili ni "wanachunguza". Polisi, wabunge na tume zote za nchi hii huwa wanachunguza, kwa hiyo gazeti zima litakuja mbio. Basi tunabana mwisho wa neno:

\b(ni|u|a|tu|m|wa)(na|li|ta|me|ki)\w*chu[mn](a|wa|ia|iwa|isha|ika)\b

Wanauchumi wametoka, kwa kuwa neno lao linaishia kwa i. Wanaochunguza wametoka pia, maana baada ya n yao kuna g. Ila "hawachumi" hajaingia. Yeye anahitaji ruwaza yake ya ukanushi. Wala "yalichumwa" hajaingia, kwa kuwa majani ni ngeli nyingine na kiambishi ya- hatukukiweka. "Kuchuma" nako kwatafutwa peke yake, na watenda kazi kwa \b(m|wa)chu[mn]aji\b. Kila unaposahau kiambishi, unakuwa umelifukuza kundi zima la mashahidi kabla hawajasema lolote. Hesabu iliyotokana na ruwaza mbovu ni mbaya kuliko kutohesabu, kwani inakuja imevaa namba.

Tena umbo si maana. Waliobaki wavuni wapo waliochuma mali, waliomchuna mbuzi, na waliomchuna mtu pesa zake. Unaweza kuongeza [^.]*\bchai\b, yaani "kisha chochote kisichokuwa nukta, mpaka neno chai", ili ubakie na sentensi za chai tu. Hapo tena utampoteza yule aliyetaja chai mwanzoni mwa sentensi. Mwisho wa yote ni kukaa na kusoma mstari kwa mstari. Programu inakupunguzia gunia liwe kibaba, haikupunguzii kibaba.

Na jambo moja zaidi kwa wahariri. Kitufe cha kubadilisha vyote kwa pamoja ni kama ile mashine ya shambani. Mwambie abadilishe "mke" kuwa "mwanamke" bila kuweka mipaka ya neno, naye atakupa mwanamkeka, mwanamkebe na mwanamkewe.

Waliolifanyia tatizo hili kazi ya kina kwa Kiswahili walikuwa Helsinki. Haishangazi, kwani Kifini nacho hurundika viambishi, ingawa chenyewe huvirundika zaidi nyuma ya mzizi. Mwaka 1983 Kimmo Koskenniemi alitoa mfumo wa kuchanganua maneno uliojengwa juu ya nadharia ileile ya Kleene, na Arvi Hurskainen akauchukua kwa ajili ya Kiswahili. Makala yake ya mwaka 1992 ndiyo iliyoeleza namna. Kutokana na kazi hiyo ilipatikana Kopasi ya Kiswahili ya Helsinki, yenye maneno yapatayo milioni 12 mwaka 2004, na toleo la pili la mwaka 2016 likafika takriban milioni 25. Humo huhitaji kuandika viambishi. Kila neno limeshachambuliwa, unauliza kitenzi na kinakuja na maumbo yake yote.

Hata hivyo, sehemu kubwa ya magazeti yaliyomo ni ya Tanzania. Ukiiuliza kopasi hiyo juu ya chai, wanaokujibu kwa wingi ni wanahabari wa Dar es Salaam. Watu walioletwa pamoja na mashamba makubwa ya Kericho tangu miaka ya 1920, Wakipsigis, Wajaluo, Wakisii, Waluhya, wakakifanya Kiswahili lugha ya kazi na ya soko, sauti yao humo ni ndogo sana. Kisha tutasema "kopasi inaonyesha kuchuma", na kalamu nyekundu itapata hoja ya kisayansi.

Kinachotakiwa ni maandishi ya huku kwetu: magazeti ya zamani kama Baraza, lililoanza mwaka 1939, risala, kumbukumbu za mikutano ya vyama vya wakulima, barua. Hayo yapo kwenye karatasi. Kuyapiga picha hakutoshi, kwa sababu picha haitafutiki mpaka programu iisome na kuigeuza kuwa herufi. Na programu hizo zina ugonjwa unaojulikana: huchanganya m na r ikifuatwa na n, hasa wino ukiwa umefifia. "Kuchuma" inageuka "kuchurna". Sisi ambao ubishi wetu wote umesimama juu ya mguu mmoja wa herufi m, hatuwezi kulifumbia macho hilo. Ruwaza ya karatasi kuukuu ni chu(m|rn|n)a, na kila panapotokea n, rudi kwenye picha ukaitazame kwa macho yako.

Nimekuwa nikisema "ruwaza" tangu mwanzo, na huenda msomaji mwenye ujuzi wa kompyuta amejiuliza kwa nini sikutafsiri jina la Kiingereza neno kwa neno. Nimeona wanaoandika "semi za kawaida". Hiyo haifai hata kidogo, kwani kwetu semi za kawaida ni maneno tunayosema kila siku, na labda misemo. Neno alilochagua Kleene lilikuwa la kihisabati, na yeye mwenyewe alieleza katika andishi lake kwamba angefurahi kupendekezewa linaloeleza zaidi. Miaka zaidi ya sabini imepita na Kiingereza hakijampa. Kiswahili kinaweza. "Ruwaza" limeshazoeleka katika isimu, na "ruwaza tafutizi" litatosha pale panapohitajika kutofautisha.

Kwa anayetaka kujaribu kabla ya kuanza na vitenzi, namshauri aanze na majina ya mahali. Katika Kikalenjin, Kap- mwanzoni mwa jina huashiria mahali pa mtu au kitu fulani. Fungua faili lolote la habari za kaunti, washa kisanduku cha kuzingatia herufi kubwa, uandike \bKap\w+ kisha utafute. Zitakuja Kapsoit, Kapkatet na Kapsuser, na katikati yao Kapteni fulani wa jeshi. Kabianga haitakuja, kwa kuwa hapo p imekuwa b. Rekebisha iwe \bKa[pb]\w+, nayo itakuja, pamoja na kila sentensi iliyoanza kwa "Kabla".